Mafuta ya alizeti: kizuizi ni kimeng'enya cha mwisho au sukari ya mwanzo?

Watafiti wa alizeti wamegawanyika kuhusu mahali pa kuongeza nguvu ili mbegu itoe mafuta zaidi. Upande mmoja unasema kizuizi kiko mwishoni, kwenye kimeng'enya kiitwacho DGAT, ambacho hubandika asidi ya mafuta ya tatu kwenye gliseroli (kiunzi kinachobeba asidi hizo) na kukamilisha chembe ya mafuta. Upande wa pili unasema kizuizi kiko mwanzoni, kwenye sukari inayofika ndani ya mbegu na vimeng'enya vinavyoigeuza kuwa asidi za mafuta. Kwa alizeti, hoja ya pili ina uzito zaidi, ingawa ya kwanza haipaswi kupuuzwa.

Majani hutuma sukrosi, mbegu huivunja hadi kuwa piruveti, molekuli ndogo ya kaboni tatu, nayo piruveti huingia kwenye plastidi, chumba kidogo ndani ya seli, na kugeuzwa kuwa asetili-koa ya kaboni mbili. Hapo kila piruveti hupoteza kaboni moja kati ya tatu, ikitoka kama kaboni dayoksaidi. Kisha kimeng'enya ACCase huitumia kutengeneza malonili-koa, tofali la kujengea, na mnyororo wa asidi hurefushwa kaboni mbili kwa kila mzunguko. Asidi yenye kaboni 18 huhitaji mizunguko minane, yaani ATP 8 (molekuli zinazobeba nishati) za kutengeneza malonili-koa, na NADPH na NADH (zinazobeba elektroni za kujengea) 16 kwa jumla. Kimeng'enya SAD hutia kifungo maradufu cha kwanza na kuifanya asidi ya oleiki, ambayo hutoka nje ya plastidi. Huko nje vimeng'enya GPAT na LPAAT huweka asidi mbili za kwanza kwenye gliseroli, fosfati iliyokuwa kwenye gliseroli huondolewa, na DGAT humalizia.

Wanaoitetea DGAT wana ushahidi mzuri. Kwenye mahindi, mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kuongezeka kwa asidi amino moja tu, fenilalanini kwenye nafasi ya 469 ya kimeng'enya hicho, huongeza mafuta ya mbegu pamoja na kiwango cha oleiki. Kwenye kanola, vipimo vya kujua ni hatua ipi inayoamua kasi vimeonyesha kwamba hatua za kuunganisha mafuta zina nguvu kuliko hatua za kutengeneza asidi. Mtu akisoma hayo peke yake ataona kazi iliyobaki kwenye alizeti ni kutafuta DGAT yenye kasi.

Lakini kanola na alizeti hazifanani hapa. Kiinitete cha kanola ni cha kijani na hupata mwanga kupitia ganda la tunda. Mwanga huo hukipa nishati, na kimeng'enya Rubisco hurudisha sehemu ya kaboni dayoksaidi iliyopotea. Kiinitete cha alizeti hukua gizani ndani ya ganda zito. ATP na NADPH zake zote hutokana na kuchoma sukari ileile inayotakiwa iwe mafuta. Kwa hiyo kila upungufu wa sukrosi unaiumiza mara mbili: malighafi inapungua, na nishati ya kuisindika inapungua pia. Kumpa mmea huu DGAT ya kasi bila kuongeza sukari ni kupanua bomba la kutolea mafuta kwenye mashine ambayo haijajazwa mbegu.

Majaribio ya shambani yanaunga mkono jambo hili. Watafiti wa Balcarce, Argentina, walionyesha kwamba mwanga unaonaswa na kila mmea wakati wa kujaza mbegu hubadilisha uzito wa mbegu na asilimia ya mafuta pia. Mafuta mengi huingia takriban kati ya siku ya 12 na ya 30 baada ya kuchanua. Majani yakikauka kwa ukame au ugonjwa wa kutu ndani ya siku hizo, hakuna kimeng'enya kitakachofidia.

Vipimo vya maabara navyo vina mtego. DGAT hukaa kwenye utando, na hupimwa kwenye bomba lenye malighafi tele, hivyo namba kubwa inaonyesha uwezo tu, si kazi iliyofanyika ndani ya mbegu. Kosa jingine ni la kuchukua sampuli. Kichwa cha alizeti huchanua kutoka ukingoni kwenda katikati kwa siku 5 hadi 10, kwa hiyo mbegu za kichwa kimoja hazina umri mmoja. Anayepukuchua kichwa kizima na kukiita "siku ya 15" amechanganya mbegu ambazo ACCase yake iko kileleni na nyingine ambazo bado hazijaanza kujaza. Chukua mbegu za mizunguko miwili au mitatu ya nje tu, toa ganda, kisha gandisha papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika.

Suala la aina ya mafuta ni tofauti, na hapa kimeng'enya kimoja ndicho kinachotawala. Kimeng'enya FAD2 hugeuza oleiki kuwa linoleiki, asidi yenye vifungo maradufu viwili. Mwaka 1976 huko Krasnodar, Urusi, mtafiti Soldatov alitoa aina ya Pervenets kwa kutibu mbegu na kemikali. FAD2 ya mbegu zake imezimwa, na aina zilizotokana nayo hufikisha oleiki zaidi ya asilimia 80. Katika aina za kawaida, usiku wenye joto wakati wa kujaza hupunguza kazi ya FAD2, hivyo mbegu ileile ikipandwa Singida na kwenye nyanda za juu zenye baridi itatoa mafuta tofauti. Tena, poleni kutoka shamba jirani la aina ya kawaida hushusha oleiki, kwa kuwa mafuta yamo kwenye kiinitete, nacho hurithi pia jeni za baba.

Ganda nalo hupotosha hesabu. Kiini chenye mafuta asilimia 55, ganda likiwa asilimia 45 ya uzito, kinatoa mbegu yenye mafuta asilimia 30 hivi. Ganda likishuka hadi asilimia 25, mbegu inafika asilimia 41 bila kimeng'enya chochote kubadilika. Sehemu kubwa ya mafanikio ya Pustovoit, mtafiti wa mbegu aliyevusha mafuta ya mbegu za alizeti ya Urusi zaidi ya asilimia 50, ilipitia njia hiyo. Kwa hiyo anayelinganisha Record, aina ya alizeti isiyo chotara, na chotara yoyote apime ganda peke yake na mafuta ya kiini peke yake, kwa tarehe mbili za kupanda, ndipo aanze kuzungumzia DGAT.