Kocha hali mihogo

Kazi yangu ni kuwatesa watu wazima, tena kwa pesa zao wenyewe. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo mchangani Coco Beach, filimbi mdomoni, nawarusha kichurachura wahasibu, mameneja na mzee mmoja mstaafu ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa anaogopwa na idara nzima. Huyo naanza naye hivi: "Shikamoo mzee. Naomba uruke."

Tabu ni moja. Mteja wa mazoezi ni kama mwezi. Januari anawaka mzima, Februari nusu, Machi unamtafuta angani humwoni. Mwenzangu mmoja anayefundisha jim akanipa dawa: "Wakutanishe nje ya mazoezi, wacheke, wajuane. Mtu akishapata rafiki kikundini anaona haya kutoroka. Fanya bonanza." Yeye mwenyewe hajawahi kulifanya hilo bonanza. Ningejiuliza kwa nini, leo nisingekuwa nalalamika.

Nikafungua grupu la WhatsApp, watu 23. Kupata tarehe tu ilikuwa wiki mbili. Jumamosi hii kuna sendofu, ijayo kikao cha harusi, ile nyingine kuna arobaini ya mtu ambaye, nikihesabu vizuri, arobaini yake ilishapita. Tarehe ilipopatikana, grupu likageuka gulio: huyu anauza vitenge, yule anasema tusipotuma ujumbe wake kwa watu kumi tutapata balaa. Balaa nilikuwa nalo tayari, nilikuwa admini.

Mchango ni 30,000. Mtu wa Dar ukimwambia mchango wa harusi anaweka ahadi na anaitimiza, kwa sababu kamati ya harusi huwa na mama mmoja asiyecheka. Mimi sina mama asiyecheka, nina filimbi. Wakaandika "tupo pamoja kocha". Sisi tukawa pamoja, pesa ikawa peke yake huko ilikokuwa. Na hao waliolipa walituma 30,000 kavu kwa simu, bila ada ya kutolea, kwa hiyo kila mchango ulinifikia ukiwa unachechemea. Dada mmoja anafanya kazi benki, nasema benki, akaniambia mtandao unamsumbua. Ukamsumbua wiki tatu.

Sasa fulana. Hapa naomba mnivumilie, kidonda bado kibichi.

Mimi nina daftari. Humo mna kiuno cha kila mteja kwa sentimita, nimepima kwa mikono yangu na futi ya fundi cherehani. Nilikuwa na majibu yote. Lakini kwa adabu tu nikauliza grupuni: jamani, saizi? Wote wakajibu "M". Mzee mstaafu, kiuno 118, "M". Mama mmoja wa Sinza akaandika: "S, ila isinibane." Wewe ungefanyaje? Ukimletea mama wa watu XXL umemtukana mbele ya kadamnasi. Ukimletea S utamuumbua siku yenyewe. Nikaona heri nifuate neno la mteja. Siku ilipofika wakavaa, na yale maandishi ya kifuani, MAZOEZI NI DAWA, yakatanuka mpaka herufi zikaachana kama meno yenye mwanya. Vitovu vikatoka kuisalimia Bahari ya Hindi. Na lawama? "Kocha, umetuchukulia za watoto."

Ratiba ilisema saa 12 kamili asubuhi tukutane upande wa Hospitali ya Aga Khan, tuvuke Daraja la Tanzanite kwa mwendo wa kukaza, tutokee Coco. Daraja lenyewe ni kilomita moja na kitu, nikawapa dakika 15. Saa 12 nilikuwepo mimi na upepo. Saa 12 na nusu zikaanza kuingia sauti, "tupo njiani kocha," na nyuma ya sauti nasikia kabisa mtu anasukutua. Tulianza saa mbili kasoro, tukavuka kwa saa nzima na ushee. Kila waya wa daraja lile ulipigwa picha. Mzee mstaafu alisimama, akanyanyua goti, akakunja ngumi, akapigwa picha anakimbia, kisha akaomba kukaa. Hiyo picha ipo kwenye wasifu wake mpaka leo.

Tukaingia kwenye michezo. Kukimbia na ndimu kwenye kijiko, wengi walikimbia na kijiko tu. Ila kuvuta kamba! Kwa bahati mbaya timu moja ilikuwa imeipa mgongo meza ya chakula. Watu hawa miezi minane wananiambia magoti, kiuno, presha. Walivuta kamba ile mpaka wakafika kwenye hotipoti, na wapinzani wao wala hawakubisha, walikuja mbio wakiwa wameishika.

Mezani niliweka kuku wa kuchoma, kachumbari, matikiti na maji. Kuku aliisha. Matikiti yakabaki yananitazama. Baada ya hapo mmoja mmoja akaanza kuaga, anakwenda kupunga upepo. Upepo wote wa Coco siku hiyo ulikuwa unavuma kutoka kwa wauza mihogo. Nikamfuata mama wa Sinza, nikamkuta na sahani, chachandu mpaka kwenye kidevu. Nikamkumbusha somo: mama, kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori kama 7,700. Akafikiri kidogo. "Basi kocha, kasahani haka ni chenji."

Na mimi je? Nilikuwa sijala tangu jana usiku. Nilichukua mshikaki mmoja, mmoja tu, nikaupeleka mdomoni. Kimya. Watu 23, mihogo imesimama hewani, wananitazama kama shehe aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani. Mtu akatoa simu. "Kocha! Na wewe?" Nikaurudisha. Nikaokota kipande cha tango, nikakitafuna taratibu, natabasamu. Kwenye bonanza langu, kwa pesa niliyojazia mfukoni mwangu, nimekula tango.

Saa tatu usiku nimemaliza kurudisha viti, njaa inanizomea. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikapita uchochoroni hadi kwenye kibanda cha chipsi cha mtaa wa pili, mbali na wateja wangu wote. Muuzaji akaniona bado niko barabarani.

"Kochaaa! Kama kawaida? Zege mayai matatu?"

Kwenye benchi mtu akageuka. Yule dada wa benki, ana sahani yake, na mchango wake ulikuwa bado unasumbuliwa na mtandao. Nikakaa. Nikaona nisipoteze nafasi, nikamnong'oneza: "Dada, ile 30,000..."

Akanyunyiza pilipili bila haraka. Akaitazama kofia yangu. Akaitazama sahani yangu inavyokuja, mayai yanamwagika pembeni.

"Kocha," akasema, "mimi na wewe tunadaiana kweli?"