Wanyonyaji Kampala, wachapakazi Leicester

Septemba 1972, wiki chache baada ya Idi Amin kuwapa Waasia wenye pasipoti za Uingereza siku 90 waondoke Uganda, gazeti la Uganda Argus la Kampala lilibeba tangazo la kulipia kutoka Leicester, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Baraza la mji liliwaeleza wasomaji kwamba familia nyingi zinasubiri nyumba, watoto wanasubiri nafasi shuleni, huduma za afya zimeelemewa. Kwa hiyo, kwa faida yao na ya familia zao, wasiende Leicester. Wengi walikwenda vilevile. Siku hizi Diwali ya barabara ya Belgrave mjini humo hutajwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuifuatilia hadithi hii kwa karibu, maana watu hawa tuliwajua kabla ya Waingereza kuwapokea. Amin alidai wanamkamua ng'ombe bila kumlisha. Tanzania nayo ilikuwa na lugha yake ya wanyonyaji na mirija. Walipovuka bahari, wengine wakafungua tena maduka, ya kuuza magazeti, sigara na maziwa mpaka usiku, na miaka ilivyokwenda wakaanza kusifiwa kuwa wahamiaji wa kuigwa: wachapakazi, wapenda elimu, wasio na makuu. Mwenye duka ni yule yule. Macho ya wanaomtazama ndiyo yaliyogeuka, na swali langu ni kama yaligeuka kweli.

Sifa hizo hazikuja mapema. Mwaka 1968, Waasia wa Kenya walipoanza kuhamia Uingereza kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia, ingawa walikuwa na pasipoti za nchi hiyo, kwa kuwa wao, wazazi wao wala babu zao hawakuzaliwa huko. Wakawekewa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Televisheni ikafuata upepo huohuo. Kuanzia 1974 BBC ilionyesha It Ain't Half Hot Mum, kichekesho cha wanajeshi wa Uingereza nchini India, ambamo Rangi Ram, mhusika wa Kihindi, aliigizwa na Michael Bates, Mzungu aliyepakwa rangi usoni.

Halafu mwaka 1977 kikaja Mind Your Language, ambacho wengi wetu tulikifahamu kwenye televisheni za nyumbani. Ni darasa la jioni la Kiingereza mjini London. Yumo Ranjeet, Kalasinga mwenye kuomba radhi elfu moja kila akikosea. Yumo Ali, Mpakistani anayeelewa kila neno kinyume. Na nyuma yupo Jamila, mama wa Kihindi aliyevaa sari, anafuma sweta. Wanaokitetea kipindi hiki husema kilimcheka kila mtu, Mwitaliano, Mgiriki, Mjapani na hata Mwingereza mwenyewe, na wana hoja. Lakini mtazame Jamila. Msichana wa Kifaransa alipewa urembo, ujanja na wanaume wa kumgombania. Jamila alipewa sindano za kufumia. Kucheka pamoja na watu wengine darasani kunahitaji mtu awe na jambo la kusema, naye hakuandikiwa. Mwaka 1979 Michael Grade, mkuu wa vipindi aliyekifuta kikiwa bado na watazamaji tele, alifanya hivyo kwa sababu aliona kinawadhalilisha wageni.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale kalamu iliposhikwa na Wahindi wenyewe. Goodness Gracious Me, kilichoanzia redioni na kuingia televisheni ya BBC mwaka 1998, kina igizo la vijana walevi huko Bombay wanaokwenda "kula Kiingereza". Wanamsumbua mhudumu Mzungu, wanalivuruga jina lake, wanashindana nani ataagiza chakula kisicho na ladha kuliko vyote. Mwingereza aliyewahi kuingia mgahawa wa kari usiku akiwa amelewa alijiona mwenyewe humo. Sijui hotuba iliyoweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache kiasi kile.

Kwa hiyo nawaelewa wanaosema mambo yamebadilika. Oktoba 2022 Rishi Sunak alikuwa waziri mkuu: baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, na mama huyo aliendesha duka la dawa Southampton. Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, ni mtoto wa Wagujarati waliotoka Uganda. Suella Braverman, aliyeshika wizara hiyohiyo, baba yake alitoka Kenya. Nchi iliyofunga mlango mwaka 1968 iliwakabidhi funguo watoto wa jamii iliyofungiwa. Wakosoaji wanaosema haya ni maonyesho matupu wanawakosea heshima wazazi waliofika uwanja wa ndege wakiwa na pauni zipatazo 50, wakalala kwenye kambi za jeshi baridi ikiwauma, kisha wakasomesha watoto. Isitoshe, picha ya mchapakazi ina faida yake: inamfungulia kijana mlango wa ajira ambao picha ya Ranjeet ingeufunga.

Ila sifa hii ina masharti. Februari 2025 mwendeshaji wa podikasti moja ya Uingereza alihoji vipi Sunak, mzaliwa wa Southampton, awe Mwingereza wa asili (English), si raia wa Uingereza tu, ilhali ni Mhindu mwenye ngozi ya kahawia. Mjadala ukavuma. Braverman mwenyewe akaandika kwamba hajihesabu kuwa wa taifa la Kiingereza, ingawa alizaliwa London. Wapo wanaoona ni mjadala halali kuhusu asili na uraia. Mimi naona kilemba cha ukoka: unavikwa wakati wa kusifiwa, na siku ukikalia kiti cha juu unaulizwa umetoka wapi.

Pia sifa hiyo imegeuzwa fimbo ya kuwachapia wengine. Wahindi wamefaulu, kwa nini Weusi wa Karibi wasifaulu? Kwa nini Wabangladeshi wanabaki nyuma? Wanaouliza hivyo husahau kwamba wengi waliotoka Kampala na Nairobi walikuwa watu wa mjini, waliosoma kwa Kiingereza, waliozoea hesabu za biashara au ofisi za serikali. Mkulima wa Sylhet, huko Bangladesh, hakuwa na hayo, ijapokuwa ndugu zake ndio wenye sehemu kubwa ya migahawa ambayo Waingereza huiita ya Kihindi. Hata Patel, alipotangaza masharti mapya ya viza mwaka 2020, alikiri kwamba huenda wazazi wake wasingeruhusiwa kuingia. Miaka miwili baadaye akatia saini Kigali mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Hilo linanisikitisha sana.

Kuna jambo jingine ninaloliona zito kuliko yote. Tusi na sifa vyote viwili vinamwona mtu mmoja tu: mwenye duka. Kampala alichukiwa kwa duka, Leicester akapendwa kwa duka. Mfanyakazi wa Kihindi hayumo. Kwetu alisahauliwa hivyo hivyo. Ni wangapi, wakisikia neno Mhindi, humkumbuka Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyedai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki mwaka 1950 na kuwekwa kizuizini Kenya kwa zaidi ya miaka kumi?

Uingereza alikuwepo Jayaben Desai, mwanamke mdogo wa umbo, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanzania. Agosti 1976 alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini magharibi mwa London, akaongoza mgomo wa wafanyakazi ambao wengi walikuwa wanawake wa Kigujarati waliotoka Afrika Mashariki. Magazeti yalishangaa kuona sari mstari wa mbele wa mgomo. Mwaka 1977 wachimba makaa ya mawe walisafiri kwenda kuwaunga mkono. Mgomo ulikwisha Julai 1978 bila ushindi, lakini picha ya mama wa Kihindi mtulivu, ile ya Jamila na sindano zake, ilikuwa uongo hata siku ilipokuwa inarushwa.

Novemba 2022 Mfalme Charles aliwaalika Waasia wa Uganda kwenye kasri la Buckingham kuadhimisha miaka 50, na walistahili. Lakini miaka miwili tu nyuma, Julai 2020, waandishi wa habari waliripoti kwamba kulikuwa na kiwanda cha nguo Leicester ambako wafanyakazi walilipwa hata pauni 3.50 kwa saa, wakati kima cha chini kisheria kilikuwa pauni 8.72. Katika viwanda vya aina hiyo wamejaa wahamiaji kutoka bara Hindi. Hadithi ya mhamiaji wa kuigwa inasema bidii huleta mafanikio, na mwanamke aliyeinamia cherehani kwa malipo hayo hana nafasi ndani yake, kwa sababu bidii anayo.