Siku niliyopeleka mchele Kariakoo kujaribu kigari cha mtoto

Wazazi wenzangu wa uswahilini, kama umetumwa kununua kile kigari cha mtoto cha tairi tatu kinachokunjika kikawa kidogo, kaa hapa kwanza nikusimulie, maana mimi yalinikuta Kariakoo mchana kweupe na mpaka leo mtaa ule nikipita navaa kofia.

Dogo wetu kafikisha mwaka na miezi kadhaa, anatembea kidogo halafu anagoma, anakaa chini katikati ya njia na kukunyooshea mikono. Mke wangu mgongo ukaanza kumsumbua, akasema sasa basi, tununue kigari. Masharti yake: kiwe cha tairi tatu kwa sababu kaona kinageuka kirahisi, kikikunjwa kiingie nyuma ya siti ya bajaji, kisiwe kizito, na kipite barabara yetu. Sasa barabara yetu ukiiona, hapa Tabata ndani ndani huku, kuna mchanga, kuna kokoto, kuna ule mfereji ambao kila mtu kajiwekea kipande chake cha ubao wa kuvukia, yani hata bodaboda wanashusha mguu.

Mama mkwe yupo kwetu tangu dogo azaliwe. Akasikia bei akaacha kuchambua mchicha. "Baba, laki na themanini za kusukuma mtoto? Mimi watoto wangu wote nimewalea kwa mbeleko hii hii ya khanga, hakuna aliyedai tairi." Nikajibu "ndiyo mama" nikatoka nje kupigia simu mtu ambaye hayupo.

Usiku nikakesha na bando nasoma hivi vitu, maana mimi siendi dukani mtupu. Kumbe hivi vya tairi tatu kavianzisha Mmarekani mmoja, Phil Baechler, mwaka 1984 kule Yakima jimbo la Washington, jamaa alikuwa mkimbiaji na alitaka kukimbia na mwanae, akachukua kigari akakifunga tairi za baiskeli, shida ikaishia hapo. Na vile vya kukunjika kama mwavuli kavibuni Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965, huyo alikuwa injinia wa ndege, kashiriki kubuni miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire. Kwa hiyo mmoja anawaza kukimbia porini, mwingine anawaza kukunja vitu vikae padogo, na mke wangu anataka wote wawili ndani ya kigari kimoja kwa laki na themanini.

Hapo ndo penye ugomvi wenyewe na wauzaji hawakwambii. Kinachokunjika kikawa kadogo kina vitairi vidogo, na kitairi kidogo kikiingia mchangani kinazama, halafu lile gurudumu la mbele linalozunguka huku na huku linajipinda kiubavu na kigari kinasimama ghafla, mtoto kichwa mbele. Chenye tairi kubwa za upepo kinapita popote ila kukikunja ni kama kumlazimisha mbuzi apande daladala. Sasa uchague. Katikati kuna vya tairi za wastani, mpira mgumu usiotaka upepo, gurudumu la mbele lina kipini cha kulifunga lisizunguke ukifika sehemu mbaya. Nikasema hicho hicho.

Nikafanya na ujinga wa kumsomea mke wangu kwamba mwaka 2009 huko Marekani ilitangazwa kasoro ya vigari karibu milioni moja kwa sababu bawaba zilikuwa zinakata watoto vidole wakati mzazi anakunja au kukunjua. Akakaa kitandani. "Basi bawaba zifunikwe. Na usininunulie kwa kuangalia kwa macho, ukijaribu ujaribu na uzito wa mtoto."

Sasa hapo. Dogo mwenyewe siwezi kumpeleka Kariakoo, jua lile na watu wale. Nikachukua kadi ya kliniki nikaangalia, kilo 11. Nikaenda kwa Mangi.

"Mangi, nipimie mchele kilo 11."

"Kumi?"

"Kumi na moja."

"Kwa nini kumi na moja?"

"Ndo uzito wa mtoto."

Mangi akaniangalia, akaangalia mizani, akaendelea kupima bila kuuliza tena. Huyo mtu kaona mengi. Akautia kwenye kiroba, akafunga mdomo kwa kamba, kale kafundo kakabaki kamesimama juu kama kichwa. Na mke wangu alikuwa kanipa kofia ya dogo nikajaribishie kama kile kivuli cha kigari kinagusa kichwa. Mkono mmoja kiroba mwingine simu, kofia nikaiweka pale kwenye fundo isipotee. Ilikaa vizuri mno.

Kwenye daladala konda kadai nauli ya mzigo, nikalipa, sikutaka kelele. Mtu mmoja aliyekaa siti ya dirishani akadhani nimepakata mtoto, akanipisha. Nikasema asante. Ningesemaje?

Kariakoo unaijua, mtaa wa Kongo pale machinga wamepanga soksi mpaka katikati ya lami, mtu na toroli anapiga mluzi nyuma yako, spika kila duka. Duka la kwanza muuzaji ananiambia "bosi hii inaingia mpaka kwenye ndege, unaiweka juu pale kwenye begi." Nikamwambia mimi napanda gari la Tabata, juu pale hakuna kitu. Tairi zake ungefunika kwa kiganja. Nikaweka mchele, nikafunga mikanda, nikasukuma mpaka kwenye ukingo wa baraza, gurudumu la mbele likadumbukia kwenye ufa wa saruji likajipinda vile vile nilivyosoma. Nikatoa mchele nikashukuru nikaondoka.

Duka lililofuata kigari kizuri ila nilivyotundika mfuko wangu kwenye mpini na kunyanyua mchele, kikaanguka chali hapo hapo. Hili angalieni sana, maana sisi wote tunatundika mifuko kwenye mpini, nyanya, vitunguu, dagaa, halafu unamtoa mtoto na kigari kinakwenda nyuma, na siku mtoto yumo halafu kidogo amekaa vibaya anakwenda nacho. Muuzaji akaniambia "sasa si usitundike." Jamani.

Mbele zaidi nikakipata. Tairi za wastani, mpira mgumu, kipini cha kufunga gurudumu kipo, breki ya kukanyaga inashika tairi za nyuma zote mbili, mikanda ya pointi tano, yani miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja katikati ya miguu, bawaba zimefunikwa plastiki, na kibandiko kimeandikwa EN 1888 kwamba kimepimwa kwa kiwango cha Ulaya, mwisho kilo 15. Kibandiko chenyewe nani anajua kakibandika nani, ila fremu ilikuwa imara nikaitikisa hailii. Muuzaji kijana mmoja mchangamfu, fulana ya Simba, mdomo haufungi. Nilipotaka kuweka kiroba akashtuka. "Kaka utanichafulia siti, hiyo ni krimu." Akachukua khanga dukani kwake akauzungushia mchele vizuri, akaulaza, akafunga mikanda yote mitano, akarudisha kofia juu, akafunika kivuli nusu.

Nikasukuma kwenye baraza kwenda na kurudi. Raha! Kinageuka kwa mkono mmoja. Nikashuka nacho lami nikapanda nacho, safi kabisa. Nikarudi dukani na simu ikaita, mke wangu, anataka kujua rangi. Nikamwacha kijana na kigari nikasogea pembeni kidogo maana spika ya jirani ilikuwa inapiga kelele.

Hapo ndo akaingia mama mmoja. Mama mtu mzima, amejitanda khanga yake, mkononi mfuko wa vyombo. Kumbe na yeye anatafuta kigari cha mjukuu. Mimi nipo pembeni namwona anainama pale kwenye kivuli. "Mashaallah, kamelala! Na joto lote hili." Akawa anapunga kwa mkono, anaupepea mchele wangu. Nataka kusema kitu, ila mke wangu huku kwenye simu ananiambia "kijivu siyo nyeusi, nyeusi inavuta jua, unanisikia?" nanyoosha mkono kumwashiria yule mama, akadhani namsalimia, akanipungia.

Akamgeukia kijana. "Mwanangu, na hiki kinakunjika?"

Sasa yule kijana biashara imempanda kichwani. Na yeye anajua ule ni mchele, kaufunga mwenyewe, ila nadhani alishasahau, anachoona ni mteja wa pili kwa kigari kimoja. "Mama! Hiki? Mkono mmoja tu! Angalia!"

Akabonyeza kitufe cha usalama, akabonyeza cha pili, akaegemea mpini kwa uzito wake wote.

KRWAAAA.

Mpini ukaja mbele ukakutana na siti, mchele katikati. Kile kiroba kilitoa sauti jamani, kama pumzi hivi, hhhhhp, halafu mdomo ukafunguka na mchele ukatoka kwa juu, kofia ikaruka ikaenda kutua kwenye soksi za machinga.

Yule mama alipiga ukunga ambao spika ya jirani ilinyamaza. "UWIIIIII! KAMKUNJA MTOTOOO! KAMKUNJA!"

Ndugu zangu Kariakoo watu wanatoka wapi? Sekunde ile ile mlango umejaa. Machinga mmoja ameikamata kofia juu juu analia "kofia yake hii hapa!" Baba mmoja wa toroli kaacha toroli katikati ya njia, anavuta mpini anataka kukunjua, na kigari hakikunjuki kwa sababu kuna ndoano ya kukishikilia kikishakunjwa na yeye haijui, anavyozidi kuvuta ndo mchele unazidi kumwagika miguuni kwake na haangalii chini. Muuza mananasi kaja na kisu chake kile kirefu, "mkate mikanda! mkate mikanda!" Kijana wa duka hakuogopa watu, aliogopa kisu, akakilalia kigari kizima kizima. "Msikate! Laki na themanini! Msikate!" Sasa watu wakasikia hivyo. Mtoto kakunjwa halafu huyu anataja bei. Akapigwa kofi moja na mama mwingine ambaye hata sijui katokea wapi.

"Mzazi yuko wapi?" mtu akauliza. Na yule mama akaninyooshea kidole. "Yule! Yule na simu! Hata hajashtuka!"

Kweli nilikuwa bado na simu sikioni. Mke wangu anasikia kila kitu. "Nani kakunjwa? WE BABA NANI KAKUNJWA?"

Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "NI MCHELE! JAMANI NI MCHELE!"

Kimya kidogo. Baba wa toroli akaangalia miguu yake. Muuza mananasi akainama, akachukua punje, akaitia mdomoni, akatafuna, na kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu akasema "Mchele kweli. Wa Mbeya huu."

Hapo kicheko sasa, watu wanashikana, mmoja kakaa chini kabisa kwenye mifuko. Ila yule mama hakucheka. Alinifuata pale nilipo, kanikazia macho. "Wewe mwanangu una akili timamu? Mchele unauvalisha kofia? Mimi nina presha!" Nikamwomba radhi, shikamoo nyingi, kijana akamletea stuli na maji ya chupa. Na mimi nikaanza kuokota mchele sakafuni nikisaidiwa na machinga wa soksi, ule wa ndani tuliokota, wa barazani nikawaachia njiwa. Nilivyoupima baadaye kwa Mangi ulikuwa kilo tisa na kitu. Hakuuliza.

Mambo yakatulia, nikasema nichukue kigari, maana kimeshafanyiwa majaribio ambayo hata huko Ulaya sidhani kama wanafanya: kimebanwa na kilo 11 ndani, kimevutwa na mbeba mizigo, na bawaba haijapinda wala plastiki haijapasuka. Kuhusu bei kijana kagoma hata kushuka buku. Laki na themanini, kijivu, nikalipa. Nahesabu chenji nikasikia yule mama pale kwenye stuli, maji kashamaliza, anauliza kwa upole kabisa:

"Na mimi utaniachia shilingi ngapi?"

"Laki na ishirini mama."

Nikageuka. Kigari kile kile! Rangi ile ile! Nikamvuta kijana pembeni, kaka vipi, mimi umenikazia hata buku, huyu unamtolea elfu sitini?

Akamwangalia yule mama, akajishika shavu pale alipolambwa kofi, akaninong'oneza: "Kaka, wewe umewahi kumsikia akipiga kelele?"