Ukiacha nyama hadi dagaa, sahani inabaki na nini?

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu, anayesoma chuo Dodoma, alinitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, mimi nimeacha. Nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali." Mama yake alikuwa ameshanipigia kabla yake. "Mwambie huyo mtoto ataanguka darasani, na mimi nauli ya kumfuata sina." Kila mmoja alitaka niwe upande wake. Nimekaa na jambo hili wiki tatu, nikasoma, nikauliza, na upande niliofikia haukumfurahisha yeyote kati yao.

Wanaokula hivyo huitwa vegani. Jina lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, watu waliokuwa wameshaacha nyama wakaona maziwa na mayai nayo yana dhambi yake. Ukilisikia mjini unaweza kudhani ni mambo ya watu wenye friji mbili, lakini chungulia sufuria zetu: makande, ugali na tembele la nazi, mbaazi za nazi na mandazi asubuhi kule Pwani, kisamvu cha karanga, wali na maharage. Ondoa dagaa, ondoa kitoweo cha mwisho wa mwezi na kuku wa sikukuu, na familia nyingi za Tanzania ni vegani siku nne au tano kwa wiki bila kujiita hivyo. Ndiyo maana wifi yangu aliponiambia kwamba mtu hawezi kuishi bila nyama, nilimuuliza yeye mwenyewe alikula nyama lini mara ya mwisho. Akakata simu.

Hata hivyo, aliyekosa nyama na aliyeiacha hawali sahani moja. Mkoa wa Iringa ni ghala la mahindi, maharage yapo, mboga za majani zipo. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia maji machafu hadi mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu yuko shambani. Mojawapo ni tumbo lililojaa uji mweupe wa sembe. Anayetaka kuacha nyama kwa hiari lazima ajue kwamba hapa kwetu mlo wa mimea una sura mbili, na ile ya uhaba ndiyo tuliyoizoea zaidi.

Hofu ya kwanza ya kila mtu ni protini, nayo ndiyo ndogo kuliko zote. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku. Gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 22. Mahindi yana upungufu wa kijenzi cha protini kiitwacho laisini, maharage yamejaa laisini, kwa hiyo bibi aliyechanganya viwili hivyo kwenye chungu cha makande alikuwa amemaliza hesabu kabla ya maabara. Sisemi zaidi juu ya protini.

Kazi ipo kwingine, na ushahidi mzito kuliko wote kuhusu jambo hili ulitoka jirani tu, Embu, Kenya. Mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliingia katika shule 12 za msingi wakawagawa watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya 500, katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri, yaani makande ya Kenya, yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ya wenzao. La nne halikupewa chakula chochote shuleni. Wakafuatiliwa kwa miaka miwili.

Waliopewa chakula, cha aina yoyote, waliongezeka uzito kuliko ambao hawakupewa. Waliopewa nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa mafumbo ya picha, wakajenga misuli ya mkono, na uwanjani ndio waliokuwa wachangamfu na kuongoza michezo. Maziwa yaliwasaidia kurefuka wale wadogo na waliokuwa wamedumaa. Mwaka 2005 mmoja wa watafiti hao, Lindsay Allen, alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi Marekani akasema kumlea mtoto bila chakula chochote cha wanyama ni kinyume cha maadili. Vegani wa Ulaya na Marekani walimjia juu, mwanamuziki Paul McCartney akiwa miongoni mwao.

Waliompinga walikuwa na hoja, tena si ndogo. Sehemu ya fedha za utafiti ilitoka kwa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa Marekani. Kubwa zaidi, hakuna hata kundi moja kati ya yale manne lililopewa mlo wa mimea uliopangwa vizuri. Githeri na mafuta ni githeri na mafuta: hakuna karanga, hakuna matunda, hakuna kidonge. Walichopima ni mtoto maskini aliyeongezewa nyama dhidi ya mtoto maskini ambaye hakuongezewa. Na damu ilipopelekwa maabara, kirutubishi kidogo pekee kilichoonekana kupanda kwa sababu ya nyama au maziwa kilikuwa vitamini B12. Vegani akisikia hivyo anacheka, kwa sababu B12 inauzwa duka la dawa.

Mimi ningecheka naye kama si jambo moja. B12 ilipanda kwa waliokula nyama, ikapanda pia kwa waliokunywa maziwa, lakini kwenye mafumbo ya picha waliopaa ni wa nyama. Kidonge hakielezi tofauti hiyo. Labda ni zinki, labda ni chuma cha nyama kinachofyonzwa kirahisi, labda ni vyote pamoja. Kwa mtoto anayekua, katika mazingira yetu haya, hoja ya Allen inayumba lakini haianguki.

Turudi kwenye B12, maana hapa hakuna mjadala. Haitengenezwi na mmea wala na mnyama, bali na bakteria. Ng'ombe anazo tumboni, zinamtengenezea, nasi tunaipata kwake. Mchicha hauna, maharage hayana, na mwani unaouzwa kwa sifa hizo una kitu kinachofanana nayo ambacho mwili wetu hauwezi kukitumia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kukaa miaka kadhaa. Akiba hiyo ndiyo inayodanganya watu. Mtu anaacha nyama leo, mwaka wa kwanza anajiona mwepesi na ngozi inang'aa, anahubiri. Mwaka wa tatu vidole vya miguu vinaanza ganzi. Tena mboga za majani na kunde zina foleti nyingi, vitamini nyingine ya damu, ambayo inaweza kuficha upungufu wa damu wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimyakimya. (Wazee, na wagonjwa wa sukari wanaotumia dawa ya metformin kwa muda mrefu, nao wako kwenye hatari hii hata wakila nyama kila siku, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Wapo wanaosema mlo unaohitaji kidonge si mlo wa asili. Hoja hii huwa inanichosha. Chumvi iliyo jikoni mwako ina madini joto yaliyoongezwa kiwandani ili usiote rovu, na sijasikia mtu akiita ugali wake wa bandia. Kenya ililazimisha viwanda kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa ngano na mahindi mwaka 2012. Kidonge cha B12 ni mdogo wao. Chama cha vegani cha Uingereza chenyewe, kilekile cha akina Watson, kinawaambia watu wake wameze angalau mikrogramu 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki. B12 iligunduliwa mwaka 1948, miaka minne baada ya jina la vegani kuzaliwa, kwa hiyo wale wa mwanzo walitangulia bila kujua wanakosa nini. Huyu wa kwetu hana udhuru huo.

Nilimwambia huyu mwanangu wa Dodoma anipigie picha kopo la vidonge alilonunua. Alileta ya mbele, yenye machungwa na neno la nguvu. Nikamwambia ageuze. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi: vitamini C nyingi, zinki kidogo, B12 hakuna kabisa. Alikuwa anameza machungwa.

Chuma ndicho kinachonipa wasiwasi kwa wasichana. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8 tu, na chuma cha mimea kinafyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Sisi tunaongeza shida kwa mikono yetu: sahani ikiisha tu, chai ya rangi imeshafika mezani. Tanini za chai zinakishika chuma cha maharage kabla hakijaingia mwilini. Kamulia ndimu kwenye mboga, kula embe au chungwa pamoja na chakula, chai isubiri saa moja au zaidi, na maharage yaleyale yanageuka chakula kingine. Kuloweka maharage usiku na kumwaga maji yake, kuotesha ulezi ukawa kimea, kuchachusha togwa: yote haya yanapunguza fitati, ile inayofunga chuma na zinki ndani ya nafaka. Vegani wa mjini anayenunua mbegu za chia kutoka ng'ambo huku hajui kimea ni nini, huyo ndiye ninayemshangaa.

Na mifupa? Utafiti mkubwa wa Oxford uliowafuatilia watu wapatao 55,000 ulichapishwa mwaka 2020, ukaonyesha vegani walivunjika mifupa zaidi kwa asilimia 43 kuliko wala nyama, na nyonga zaidi ya mara mbili. Wembamba wao ulichangia, na kalsiamu ndogo ilichangia. Utafiti huohuo mwaka mmoja nyuma ulikuwa umewapa wasiokula nyama sifa ya kuugua moyo kwa kiasi kidogo zaidi, asilimia 22 pungufu, ingawa kiharusi kiliwapata kwa asilimia 20 zaidi ya wenzao. Kila upande una takwimu ya kumpigia mwenzake. Kwetu, anayeacha maziwa na dagaa wa kutafuna na mifupa yake ana pa kukimbilia: ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa gramu 100. Sukuma wiki na chainizi ni bora kuliko mchicha hapa, kwa sababu mchicha una kalsiamu lakini umeifungia ndani kwa kemikali yake iitwayo oksaleti.

Kuna udanganyifu mmoja ambao vegani hawapendi kuambiwa. Chipsi kavu, soda na andazi la nazi ni chakula halali cha vegani. Chakula cha mimea hakimkingi mtu na sukari wala presha kwa jina lake. Mwanangu alikiri kwamba wiki ya kwanza chuoni aliishi kwa hivyo, kwa sababu kwa mama lishe hakukuwa na la kufanya. Aliomba wali maharage bila nyama, mama akaitikia vizuri tu, kisha akachota upawa wa rojo jekundu akaumwagia wali. "Mama, si nimesema bila nyama?" "Kwani nimekuwekea nyama? Huo mchuzi tu, ule wali usikukabe."

Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, anayejua kimea na ndimu, anayemeza B12 yake: sioni sababu ya kumzuia. Jumuiya ya Lishe ya Ujerumani, ambayo ni wakali, imefikia hapohapo mwaka 2024. Kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto ilikataa kusema ndiyo wala hapana. Wenzao wa Marekani waliowahi kusema mwaka 2016 kwamba mlo huu unafaa umri wote, taarifa yao ya 2025 imezungumzia watu wazima tu, na wajawazito hawamo.

Mimi sina haja ya kukataa kusema. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, na kijiko cha unga wa dagaa kwenye uji ni kitu cha bei rahisi chenye chuma, zinki, kalsiamu na B12 kwa pamoja. Kukiondoa, mama inabidi akirudishe kwa vitu vitano na duka la dawa la karibu. Mwenye mshahara, kliniki na muda anaweza. Wengi ninaowafahamu wana kimoja kati ya hivyo vitatu. Na mama anayenyonyesha bila B12 mwilini humnyima mtoto asiyeweza kusema kwamba ana ganzi, mtoto anayelegea na kusahau hata kukaa alikokuwa ameshajua.

Haya yote nilimtumia kwa sauti, dakika kumi na moja. Alisikiliza kesho yake. Akajibu kwamba kopo jipya ameshanunua na safari hii amesoma nyuma, chai ameihamishia saa kumi, na hilo la watoto nimwache kwanza amalize shahada. Kisha akauliza kama mama yake bado ananisikiliza, kwa sababu likizo inakaribia na anajua kuna kuku anayefungiwa.