Kikaratasi cha presha kilichokunjwa mara nne

Mama mdogo wangu alipima presha kwenye kambi ya upimaji bure, kwenye viwanja vya shule jirani na kwake, Mbagala. Alipanga foleni tangu asubuhi, akarudi na kikaratasi: 172/104. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu, "Fika kituo cha afya kilicho karibu." Basi. Hakuna tarehe, hakuna jina la kituo wala namba ya simu.

Kikaratasi kile nilikuja kukiona miezi minane baadaye, kimekunjwa mara nne ndani ya pochi yake, siku tunatafuta kadi ya bima wodini. Alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki.

Alipoanza kuongea vizuri nikamuuliza, "Mama, mbona hukwenda?"

"Mwanangu, nilikuwa siumwi."

Wapo ndugu waliomlaumu kwa jibu hilo. Mimi nimeshindwa. Mwenye jino bovu atamtafuta daktari hata usiku wa manane, lakini presha haina kelele. Mama mdogo aliendelea kuamka alfajiri, akakanda unga, akakaanga maandazi yake na kuuza. Tena mtaani alishaambiwa kwamba dawa za presha ukizianza huziachi mpaka kaburini. Kwa nini apoteze siku ya biashara na nauli kwa ugonjwa asiousikia?

Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima zaidi ya bilioni moja wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Kampeni zetu zinawatafuta hao wasiojua. Mama mdogo alishajua, namba anayo kwenye pochi, na bado haikumfaa kitu.

Isitoshe, kipimo cha siku moja peke yake kwa kawaida hakitoshi kusema mtu ana presha. Anatakiwa apimwe tena siku nyingine, na ikibaki 140/90 au zaidi ndipo mazungumzo ya dawa yaanze. Kwa hiyo asiporudi, hata ile kazi ya kambini imebaki kiporo.

Kinachoniuma ni kwamba kufuatilia wagonjwa tunakuweza. Tanzania ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu kwa wenye VVU, zikajijengea utaratibu: kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, na usipotokea unapigiwa simu au mhudumu wa ngazi ya jamii anakuja kukuulizia nyumbani. Watu wangapi wako hai leo kwa sababu kuna mtu aliwagongea mlango! Mwenye presha haulizwi na mtu.

Najua wauguzi ni wachache, na kuna vituo ambavyo kliniki ya presha ni siku moja tu kwa wiki. Ndiyo maana nasema tupunguze ukubwa wa kambi. Afadhali wapimwe watu mia mbili, na wenye majibu mabaya waandikwe kwenye daftari la zahanati ya mtaa wao papo hapo, kuliko kupima elfu mbili, kupiga picha na kukunja mahema jioni. Asiyefika siku yake, apigiwe: "Shikamoo mama, tulikutegemea jana hatukukuona. Kuna nini?"

Mama mdogo simu yake ilikuwa wazi miezi yote minane.