Nia ya mgonjwa imegeuzwa jalala

Dawa ya kutibu uraibu ikishindwa kwenye majaribio, wa kwanza kulaumiwa ni mgonjwa: hakuwa na nia ya kuacha. (Ya shinikizo la damu ikishindwa, tunailaumu dawa.)

Sikatai kwamba nia ina uzito. Mwaka 1986 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la disulfiramu, ile dawa inayomfanya mtu atapike na moyo umwende mbio akigusa pombe. Walishiriki wanaume 605, askari wa zamani. Wengine walipewa dozi kamili, wengine miligramu 1 isiyofanya kitu, wengine vitamini tu. Katika kuacha pombe kabisa, makundi hayakutofautiana. Waliofanikiwa zaidi ni waliomeza vidonge vyao bila kuruka, hata wale wa vitamini! Kidonge kilikuwa kitupu. Mmezaji ndiye aliyekuja na kitu.

Basi wapo wanaosema: tuchague wenye nia tu. Hapo ndipo ninapogoma.

Tazama jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa 2018. Watu 570 wenye uraibu wa heroini na jamii yake waligawanywa kwa kura: sindano ya kila mwezi ya naltreksoni, inayoizuia heroini isifanye kazi mwilini, au buprenofini ya kila siku chini ya ulimi, inayoshika nafasi ya heroini. Upande wa naltreksoni, 28% hawakufanikiwa hata kuanza dawa. Upande wa buprenofini, 6%. Kura haijui nani ana nia na nani hana. Iliwatawanya kote kote. Kilichowatenganisha ni arosto, yale mateso ya mwili uliozoea dawa za kulevya ukizikosa. Naltreksoni inataka mwili uwe umeshatakata kwa wiki moja hivi, la sivyo sindano yenyewe inamtumbukiza mtu kwenye arosto kali. Buprenofini inampokea akiwa bado anatetemeka. Kati ya waliofanikiwa kuanza, dawa hizo zilikaribiana.

Sasa wale 28% tuwaite wasio na nia?

Halafu nia yenyewe hupimwa lini? Mara nyingi siku ya kwanza, kwa dodoso. Jibu la asubuhi si la usiku wa pili wa arosto. Na mwingine kaja kwa sababu ya mtoto, mwingine korti imemsukuma, mwingine anafuata posho. Mimi ningewapokea wote, kisha ripoti ianze na walioishia mlangoni: walikuwa wangapi, na mlango uliwadai nini.