Acheni Kuicheka Tecno Yangu

Kuna watu wakitoka Dar wakashuka Kigoma, hata migebuka bei gani hawajauliza, wameshaikagua simu yako. Shemeji yangu mmoja juzi kaiokota Tecno Camon yangu mezani, kaigeuzageuza, kairudisha huku anacheka: "Shemu, bado uko na simu za Mchina?" Yeye anatembea na simu ya bei ya pikipiki. Nilinyamaza kwa sababu mgeni ni mgeni. Hapa ni kwangu, wacha niseme.

Huo utani wa "simu ya Mchina" haukuzuka hewani, nakubali. Zile simu feki tulizinunua wenyewe: spika inasikika mtaa wa pili, jina limekosewa herufi moja ili ufikiri ni Nokia. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakazizima, watu wakabaki na vipande vya plastiki mkononi. Lakini kuitupa Tecno kwenye kapu hilo ni uvivu wa kufikiri. Transsion, wenye Tecno, itel na Infinix, wako Shenzhen na walianza mwaka 2006, ila soko lao walilitafuta Afrika. Wachina wa Beijing wenyewe ukiwaonyesha Camon watakuuliza ni kitu gani.

Sasa tuje kwenye kamera, maana hapo ndipo ninapopandwa na damu.

Nenda kwenye nikahi Ujiji. Bwana harusi yuko ndani ya kanzu nyeupe, kofia nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa, jua la saa saba limesimama kichwani. Mpige picha kwa simu isiyomjua. Kanzu itatoka safi, nyuzi za darizi unaweza kuzihesabu moja moja, na juu ya kola utakuta kivuli chenye meno. Halafu mtu anasema "aah, wewe mweusi sana." Weusi wangu umeingiaje? Kamera hupima mwanga wa picha yote. Ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaubana, na anayeumia ni uso.

Na dharau hii ni ya siku nyingi. Enzi za filamu, maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Zikaitwa kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa, wengine wote mtajijua. Mama yangu si Shirley. Kwenye albamu ya nyumbani, picha za Idi za miaka hiyo, watoto tunatambuana kwa nguo: huyu mwenye shati la mistari ni kaka, yule gauni la njano ni dada, na lile giza la katikati tunabishana mpaka leo.

Tecno walikaa chini na jambo hilo. Walikusanya picha za nyuso za Waafrika, wakaifundisha kamera itafute macho na meno kwanza ili ijue uso uko wapi, kisha iuongezee uso mwanga badala ya kuisikiliza kanzu. Ukishaelezwa unaona ni jambo jepesi, ila wakubwa wote walilipita. Mwaka 2021 Google wakatoa simu yao ya Pixel 6 na kitu walichokiita Real Tone, dunia ikapiga makofi kwamba ngozi nyeusi imekumbukwa. Kazi nzuri, siibezi. Ila sisi harusi tulikuwa tunazipiga picha kwa Camon tangu zamani, na makofi hatukuyasikia. Hiyo Pixel yenyewe itafute madukani Mwanga hapa Kigoma, ukiipata unishtue.

(Ile sehemu ya kamera ya kulainisha uso, ndiyo, ukiizidisha mtu mzima anatoka kama andazi ambalo halijaonja mafuta. Usiizidishe.)

Laini mbili sielezi sana. Aliyewahi kupanda boti Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini anajua laini moja inafia wapi na nyingine inafufukia wapi. Nokia, aliyekuwa mfalme hapa, simu ya laini mbili alituletea mwaka 2010, akili ilipomrudia. Apple wakangoja mpaka 2018. Betri nayo, sisi tuliokaa miaka tukiwashiwa majenereta ya dizeli huku wenzetu wako Gridi ya Taifa, hatuhitaji semina kuhusu betri kubwa.

Naambiwa Wachina hawatupendi, wanatafuta hela tu. Apple wanatafuta nini, thawabu? Kama wote wanaitaka hela yangu, naona heri nimpe aliyejisumbua kuja kuangalia ninachaji wapi na uso wangu ukoje.

Yapo ya aibu. Mwaka 2020 watafiti wa usalama walikuta Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika zimeshaingiziwa programu chafu hata kabla mnunuzi hajazifungua, zinakula bando na kuwaunganisha watu na huduma ambazo hawajaziomba. Kampuni ikasema ni mtu wa kati aliyechezea mzigo njiani. Simu imebeba jina lako, mzigo ni wako, sitawatetea. Matangazo nayo yapunguzwe, mtu akifungua simu anataka kupiga, hajaja sokoni.

Na masasisho ya Android, programu inayoiendesha simu. Samsung tangu simu yao ya S24 ya mwaka 2024 wanaahidi miaka saba, Tecno ya bei ya chini huko haifiki hata karibu. Hapo wamepigwa, sibishi. Ila chukua bei ya hiyo S24, gawanya kwa bei ya Camon, halafu uniambie umepata ngapi.